Tununue shamba ambalo serikali inalilipia lisilimwe?

Swali: Mimi na mume wangu ni Watanzania tunaoishi Des Moines, Iowa, na wote tuna ukaazi wa kudumu, ile kadi ya kijani. Tumepata shamba la ekari 38 kaunti ya Wayne, kusini kabisa, mpakani na Missouri. Ekari 22 ziko kwenye CRP, ule mpango wa serikali wa kulipia ardhi isilimwe, mpaka tarehe 30 Septemba 2030, kwa dola 168 kwa ekari kwa mwaka. Muuzaji ni mzee, anasema serikali itatulipa kila mwaka bila kushika jembe. Jina lake nimelikuta kwenye orodha ya EWG, shirika lisilo la serikali, ya wakulima wanaolipwa ruzuku katika kaunti ile, kwa hiyo najua pesa ni za kweli. Tunatarajia kukamilisha ununuzi mwezi wa nne mwaka huu wa 2026. Je, ni kweli serikali inalipa watu wasilime? Tukitaka kulima mchicha na sukuma wiki kidogo pale kwenye nyasi, itakuwaje? Na shemeji yangu aliye Arusha anataka kuchangia, jina lake liwemo kwenye hati. Kuna tatizo?

Jibu: Dada, pesa ni za kweli na mzee hajakudanganya. Ila amekusimulia mkataba kwa upande wa mapato tu. Mkinunua shamba hilo mtahamishiwa mkataba wake na serikali, pamoja na kila alichoahidi tangu siku alipoweka saini. Orodha ya EWG inaonyesha nani amepokea kiasi gani. Haionyeshi alichotakiwa kufanya ili apokee, wala kama amekifanya.

Nianze na hilo la kulipa watu wasilime, maana najua linavyosikika kwa mtu aliyekulia mahali ambapo mkulima anasubiri mbolea ya ruzuku mpaka mvua zinakata. CRP ni Conservation Reserve Program, mpango uliozaliwa na sheria ya kilimo aliyoitia saini Rais Reagan Desemba 1985. Miaka ile wakulima wa Iowa walikuwa wanafilisika kwa madeni huku maghala yamejaa nafaka isiyo na bei, na udongo wa mashamba ya miteremko unaishia mitoni. Serikali ikaamua kuikodi ardhi dhaifu kwa miaka 10 hadi 15, ipandwe nyasi au miti na kuachwa ipumzike. Mahindi yakapungua sokoni na udongo ukabaki mahali pake. Kilele kilikuwa 2007, karibu ekari milioni 36.8 nchi nzima. Sheria ya mwaka 2018 iliweka ukomo wa ekari milioni 27.

Kwa nini kaunti za kusini kama Wayne, Decatur na Ringgold zina ardhi nyingi kwenye mpango huu, utajionea mwenyewe ukiendesha gari kutoka Des Moines. Kaskazini ya mji, barafu ya kale iliondoka karibuni kwa hesabu za jiolojia, ikaacha tambarare nyeusi ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeikodisha kwa serikali kwa bei ya CRP. Kusini barafu iliondoka zamani mno, vijito vimekuwa na muda wa kutosha kuchonga vilima, na chini ya udongo wa juu kuna mfinyanzi mzito usionyonya maji. Mvua kubwa ya Mei ikikuta mteremko wa namna hiyo umelimwa tu na haujaota kitu, inashuka nao. Kwa hiyo usiichukue ruzuku hii kama bahati iliyoliangukia shamba hilo. Inakwambia pia kitu kuhusu udongo unaonunua, na bei mnayoambiwa iendane na hilo.

Sasa mkataba wenyewe. Ardhi iliyo kwenye CRP ikiuzwa, mmiliki mpya anapewa nafasi ya kuurithi mkataba, na kanuni inataja siku 60. Akiurithi, anabeba wajibu wote wa aliyemtangulia. Asipourithi, mkataba unavunjwa na muuzaji ndiye anayerudisha serikalini kodi zote za pango alizowahi kupokea pamoja na riba, na juu yake fidia ya asilimia 25 ya kodi ya mwaka mmoja. Ndiyo maana karibu kila muuzaji wa shamba la CRP huweka kwenye mkataba wa mauzo kifungu kinachosema mnunuzi atarithi. Kitafute kifungu hicho. Kama kipo na mmesaini, kisha mkabadili mawazo, mzee atakuwa na haki ya kuwadai nyinyi kile ambacho serikali itamdai yeye.

Tufanye hesabu kwa tarakimu zako. Ekari 22 mara dola 168 ni dola 3,696 kwa mwaka. Malipo hutoka kuanzia Oktoba, baada ya mwaka wa mkataba kuisha, kwa hiyo kuanzia Oktoba 2026 hadi Oktoba 2030 yamebaki matano: jumla dola 18,480. Hiyo ndiyo sura nzuri. Sura ya pili: kama mkataba ulianza Oktoba 2020, na tarehe yake ya mwisho inaelekea huko kama ni wa miaka 10, mzee ameshapokea malipo matano, yaani dola 18,480 nyingine. Mkishaurithi mkataba halafu mkauvunja, tuseme mmelima kipande cha nyasi mwaka 2028, ofisi ya serikali inayosimamia mikataba hii inaweza kuwadai nyinyi yale yote yaliyolipwa tangu mwanzo, yakiwemo yaliyoingia mfuko wa mzee, pamoja na riba na fidia ya dola 924. Sikutishi. Makosa madogo hupelekwa kwenye kamati ya kaunti, ambayo ni wakulima wa hapohapo waliochaguliwa na wenzao, na wao wana uwezo wa kutoza faini ndogo na kuuacha mkataba uendelee. Lakini mnunuzi asiyejua kwamba deni hilo linaweza kumfikia, hajanunua akiwa macho.

Kwa hiyo mchicha kwenye zile ekari 22, hapana. Hata tuta moja nyuma ya mti, hapana. Picha za angani hupigwa na wafanyakazi hupita kukagua.

Na kutolima peke yake hakutoshi, hapa ndipo watu wengi hukwama. Kwenye nakala ya mkataba utaona herufi CP na namba. CP1 ni nyasi za kigeni, CP2 ni nyasi za asili za Amerika zilizochanganywa na maua ya porini, CP42 ni makazi ya nyuki na wadudu wengine wachavushaji. Kila moja ina mpango wake wa utunzaji. Magugu ya miiba yenye maua ya zambarau yakiibuka, ni kazi yenu kuyadhibiti, na majirani watakuwa wa kwanza kulalamika. Mierezi hujiotea yenyewe kwenye nyasi zisizolimwa. Ukiiacha miaka mitatu unakuta vichaka, na kuiondoa ni kazi ya msumeno wakati mwanzoni ingetosha mkasi.

Najua pia Mtanzania akiona nyasi zimefika kiunoni anamwona nyoka, na mkono unamwasha kufyeka. Kufyeka ili pawe pasafi ni kosa kwa CRP. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 1 ni msimu wa ndege kutaga kwa Iowa, wakiwemo fezanti, ndege wa jamii ya kware ambao wawindaji wa huko wanawapenda kuliko kitu. Ndani ya siku hizo hufyeki, na nje yake pia unafyeka kwa mujibu wa mpango, sehemu yenye magugu tu, baada ya kuongea na ofisi. Kukata majani ya kulishia ng'ombe kunawezekana kwa kibali, nje ya msimu huo, na kwa kawaida kodi ya mwaka huo inakatwa asilimia 25. Kukodisha haki ya kuwinda kunaruhusiwa, na kuna wenye mashamba wanaopata fedha nzuri kwa hilo. Kama hamtaki watu wenye bunduki shambani kwenu mwezi wa kumi na moja, muulizeni mzee mapema ameahidiana na nani.

Halafu kuna kazi ya katikati ya mkataba. Nyasi zikishika sana zinajifunga, maua yanakufa na ndege hawapati pa kupita. Kwa hiyo mikataba mingi hudai kwamba mwaka wa nne, wa tano au wa sita nyasi zichomwe moto wa kudhibitiwa, au zipitishwe haro nyepesi, au zipandwe mbegu nyingine katikati. Kwa mkataba ulioanza 2020, miaka hiyo ni 2024 hadi 2026. Mzee ameshaifanya? Kama hajafanya, mnainunua hiyo kazi pamoja na shamba. Kuchoma ekari 22 za nyasi kavu si jambo la mtu na mkewe na ndoo mbili za maji. Kuna watu wa kukodi, bei yao iulizeni kabla, na mjadiliane na mzee nani atailipa. Hili ndilo swali moja ambalo ningemuuliza leo hii kwa simu.

Usitegemee ofisi ikufungulie faili lake. Ofisi inayoshughulikia mikataba ni FSA, tawi la wizara ya kilimo, na kwa Wayne iko Corydon. Sheria ya kilimo ya 2008 inawabana wasitoe taarifa za shamba la mtu kwa mtu mwingine bila ridhaa yake. Kinachotoka hadharani ni jina na kiasi kilicholipwa, ndicho EWG wanachokichapisha. Kwa hiyo muombeni mzee mwenyewe awape nakala ya fomu CRP-1, ramani iliyoambatana nayo, na mpango wa utunzaji. Au nendeni naye Corydon, asaini ridhaa palepale na mzungumze watu watatu na karani. Mimi napenda njia hiyo ya pili. Mtu anayesita kukusindikiza kwenye ofisi inayomlipa kila Oktoba amekupa jibu.

Mkiwa na ramani, tembeeni nayo shambani. Angalieni kama mpaka wa nyasi uliochorwa unalingana na nyasi zilizopo. Mara nyingi jirani anayelima soya amekuwa akipanua mita mbili kila mwaka, au mzee mwenyewe amepitisha njia ya trekta katikati. Makosa hayo ni rahisi kuyarekebisha likiwa shamba lake, na ni magumu likishakuwa lenu. Ulizeni pia kama hizo ekari 38 zinamegwa kutoka shamba kubwa zaidi. Kama ndivyo, FSA italigawa shamba kwenye vitabu vyake na kuwapa namba yenu, na hilo lina foleni yake.

Siku ya kurithi mkataba mtajaza fomu kadhaa: moja ya kueleza nyinyi ni nani na shamba mnalimiliki vipi, moja ya kuthibitisha kipato (ukomo ni wastani wa dola 900,000 kwa mwaka, nadhani hapo mko salama), na moja iitwayo AD-1026, ambayo mnaahidi kutolima ardhi inayomomonyoka sana bila mpango ulioidhinishwa na kutokausha ardhi oevu. Hiyo ya mwisho isomeni kwa makini, kwa sababu haiishi na mkataba. Hata 2030 ikipita na ekari 22 zikawa huru, mkizipindua kwa jembe bila mpango mtapoteza sifa ya kupata karibu msaada wowote wa wizara ya kilimo, kwa shamba hilo na mengine mtakayokuwa nayo. Kadi zenu za kijani nendeni nazo, zitaulizwa.

Malipo ya Oktoba 2026 nayo yaandikwe kwenye mkataba wa mauzo: ni ya nani, au yanagawanywa vipi. Nyinyi mtakuwa mmekaa na shamba kuanzia mwezi wa nne, yeye atakuwa amekaa nalo nusu ya kwanza ya mwaka huo wa mkataba. Bila maandishi, kila mmoja ataamini ni yake. Na msipange marejesho ya benki yategemee hundi ya Oktoba. Oktoba 2025 serikali ilifungwa kwa mvutano wa bajeti, ofisi za FSA zikafunga milango wiki kadhaa katika msimu uleule wa kulipa. Waliokuwa na akiba walisubiri, wasiokuwa nayo walipiga simu zisizopokelewa.

Kodi ya mapato ipo pia, mtapokea fomu 1099-G. Je, mtatozwa na ile kodi ya waliojiajiri? Mwaka 2014 mahakama ya rufaa inayosimamia Iowa iliamua, katika kesi ya Morehouse, kwamba kwa mwenye ardhi asiye mkulima malipo ya CRP ya miaka ya kabla ya 2008 yalikuwa kodi ya pango tu. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haikufurahia uamuzi huo, na sheria yenyewe iliguswa mwaka 2008, kwa hiyo miaka ya baadaye haina uhakika uleule. Mkianza na biashara ya mboga pembeni, jibu linaweza kugeuka. Tafuteni mhasibu anayehudumia wakulima. Aliyewajazia fomu za mshahara wa hospitali huenda hajawahi kuliona swali hili.

Sasa mboga, maana nahisi ndizo mnazozitaka kwa moyo. Zimebaki ekari 16 nje ya CRP, na hujaniambia zikoje. Kama ni msitu na bonde la kijito, mnanunua mandhari. Kama kuna ekari mbili tu za ardhi tulivu yenye njia ya gari na maji, mboga zinatosha kabisa kuanzia, na hapo kuna mfuko mwingine wa serikali unaowafaa zaidi kuliko CRP: EQIP, unaosimamiwa na NRCS, tawi la wizara ya kilimo la kuhifadhi udongo na maji, ambao kwa kawaida wako jengo moja na FSA. Huo hulipia sehemu ya gharama za kazi za kuhifadhi, kikiwemo kitalu nyumba cha plastiki, lile banda refu ambalo wakulima wengi wa mboga huko hulitumia kuvuna mapema na kuchelewesha baridi. Mkulima mwenye miaka isiyozidi 10 kwenye kazi anahesabika kuwa anayeanza, na anaweza kulipiwa hadi asilimia 90 ya makadirio, nusu yake ikitangulia kabla ya ujenzi. Sharti linalowaumiza watu ni moja: usinunue wala usijenge chochote kabla mkataba haujasainiwa pande zote. Ukishaanza, umejilipia mwenyewe. Maombi yanashindanishwa, kwa hiyo ombeni mwaka mmoja kabla ya mnapotaka kupanda.

Kama mzee angekuwa na mkataba unaoisha karibuni ningewaambia pia kuhusu TIP, mpango ambao humlipa mwenye shamba kodi ya miaka miwili ya ziada akiliuza au kulikodisha kwa mkulima anayeanza. Kwa 2030 bado mapema, lakini kama ana vipande vingine vya ardhi, mtajieni. Huenda kikawa kitu cha kupunguzia bei.

Shemeji wa Arusha. Jina lake lisiwe kwenye hati. Sheria ya Iowa hairuhusu mgeni asiye na ukaazi wa kudumu kununua ardhi ya kilimo, na adhabu yake inaweza kufika mahakama kuichukua ardhi kuwa ya jimbo. Kumwandika kwa siri kwenye karatasi ya pembeni, kwamba sehemu fulani ni yake ila jina ni lenu, ni kuingia kwenye mtego uleule kwa mlango wa nyuma. Akitaka kusaidia, iwe zawadi au mkopo, uandikwe na wakili wa Iowa, na benki iambiwe kabla haijaona pesa inaingia kutoka nje. Mwelezeni mapema na kwa upole, mume wako ndiye aongee naye, kabla hajauza kiwanja.